Doyle Brunson: Mkimbiaji wa maili aliyegeuka gwiji wa karata

DOYLE Brunson, Mmarekani aliyeishi kwa kucheza karata kwa zaidi ya nusu karne na kutwaa ubingwa wa dunia wa mchezo wa poka miaka miwili mfululizo, 1976 na 1977, alifariki jijini Las Vegas mnamo Mei 14, 2023 akiwa na umri wa miaka 89. Wanaoufuatilia mchezo huo humtaja kama baba wa poka ya kisasa. Alishinda bangili 10 za Mashindano ya Dunia ya Poka, ambayo kwa kifupi huitwa WSOP, akaandika kitabu kilichobadilisha namna mchezo unavyochezwa, na akabaki mezani hadi uzeeni, wakati wapinzani wake walikuwa vijana wa rika la wajukuu zake.

Huenda msomaji wa Moi's Bridge, Matunda au Ziwa akauliza mambo hayo ya Las Vegas yanamhusu nini. Jibu liko katika ujana wa mtu huyu. Kabla hajashika karata kwa riziki, Brunson alikuwa mwanariadha, tena mkimbiaji wa masafa ya kati, na maisha yake yalipinda njia siku alipoumia mguu. Hadithi ya namna hiyo inaeleweka upesi zaidi katika kaunti ya Uasin Gishu kuliko pengine popote duniani.

Alizaliwa Agosti 10, 1933 katika kijiji cha Longworth, wilaya ya Fisher, magharibi mwa jimbo la Texas. Ni mahali padogo pa wakulima, ambapo msafiri anaweza kupita bila kugundua kwamba amepita. Mji wetu wa Moi's Bridge, uliojulikana enzi za walowezi kama Hoey's Bridge, ulikua kwa sababu ya daraja la mto Nzoia, reli ya kwenda Kitale na maghala ya mahindi. Longworth haikubahatika hivyo, na kijana aliyetaka kujulikana ilimbidi aondoke. Brunson aliondoka kupitia michezo. Katika shule ya upili ya Sweetwater alikuwa miongoni mwa wachezaji bora wa mpira wa vikapu katika jimbo zima. Mwaka wa 1950 alishinda mbio za maili moja katika mashindano ya shule za Texas kwa muda wa dakika 4 na sekunde 43.

Muda huo hautamshtua kocha yeyote wa Iten leo. Hata wakati ule rekodi ya dunia, iliyowekwa na Gunder Hägg wa Uswidi mwaka wa 1945, ilikuwa dakika 4 na sekunde 1.4. Hata hivyo, kwa mvulana wa shule ya mashambani lilikuwa jambo kubwa, na vyuo vilianza kumwita. Alichagua Chuo Kikuu cha Hardin-Simmons mjini Abilene, taasisi ya Wabaptisti, na akaendelea kucheza mpira wa vikapu kwa kiwango ambacho klabu ya kulipwa ya Minneapolis Lakers, iliyohamia Los Angeles baadaye, ilianza kumtupia jicho.

Kisha akaenda kufanya kibarua cha likizo katika kiwanda cha mbao za jasi. Shehena ya mbao hizo iliporomoka, akajaribu kuizuia kwa mguu, na mguu ukavunjika mahali pawili. Alikaa na plasta kwa muda wa karibu miaka miwili. Ndoto ya mpira wa vikapu ilikatika hapo, na mbio pia. Wengi waliokuja kumwona Las Vegas akitembelea gongo, na miaka ya mwisho akiendesha kigari cha umeme katikati ya meza za kasino, hawakujua kwamba mzee huyo mnene aliwahi kuwa bingwa wa mbio.

Mtu aliyefungwa plasta hana budi kutafuta mchezo wa kukaa. Brunson alikuwa ameanza poka kabla ya ajali. Sasa alicheza zaidi, na ushindi wake ukamsaidia kulipia gharama za chuo. Jambo ambalo watu husahau ni kwamba hakuacha masomo. Alipata shahada ya kwanza mwaka wa 1954 na shahada ya uzamili katika usimamizi wa elimu mwaka wa 1955. Kwa maneno mengine, alisomea kuwa mwalimu mkuu.

Hakuwa mwalimu mkuu. Aliajiriwa kuuza mashine za ofisini, na katika siku zake za mwanzo kazini alikaribishwa kwenye meza ya karata, akashinda pesa zilizozidi mshahara wake wa mwezi. Muda si mrefu akaacha kazi.

BARABARA ZA TEXAS

Ni rahisi kuisimulia hatua hiyo kana kwamba ilikuwa ya kishujaa. Tuseme ukweli: kamari ilikuwa haramu Texas, na mtu aliyeacha kazi ya mshahara ili acheze karata alikuwa anaingia kwenye biashara ya wahalifu. Brunson alianza katika mtaa wa Exchange mjini Fort Worth, eneo la minada ya ng'ombe, pamoja na rafiki yake Dwayne Hamilton. Baadaye walizunguka Texas, Oklahoma na Louisiana wakitafuta meza zenye pesa. Katika safari hizo alikutana na watu wawili ambao majina yao yangekuja kuandikwa kando ya lake: Thomas Preston, aliyejulikana kama Amarillo Slim, na Brian Roberts, aliyeitwa Sailor kwa kuwa aliwahi kuwa baharia. Hamilton aliporudi Fort Worth, watatu hawa wakaunganisha mtaji wao na kuwa kundi moja.

Kushinda kulikuwa sehemu moja tu ya kazi. Sehemu ya pili ilikuwa kuhakikisha hawaibiwi na walioficha karata mkononi. Ya tatu ilikuwa kutoka mlangoni na pesa zenyewe, kwani majambazi walijua kwamba mcheza kamari aliyeporwa hawezi kwenda polisi. Brunson alisimulia mara nyingi jinsi walivyovamiwa kwa bunduki, na jinsi alivyoshuhudia mtu akipigwa risasi kichwani mezani. Polisi nao walikuwa na zamu yao ya kuvamia.

Kundi hilo lilidumu takriban miaka sita. Lilivunjika walipokwenda Las Vegas kwa mara ya kwanza kwa pamoja na kupoteza akiba yao yote. Waliendelea kuwa marafiki, lakini kila mmoja akachukua njia yake.

Mwaka wa 1962 Brunson alimwoa Louise. Mwaka huohuo alikutwa na uvimbe shingoni, na madaktari wakabaini kwamba ni saratani iliyokwisha kuenea. Walimpa miezi michache. Louise alikuwa mjamzito, na upasuaji ulifanywa kwa matumaini kwamba angeongezewa siku za kutosha kumwona mtoto. Akapona. Yeye na mkewe waliamini ni maombi; daktari asiyeamini maombi atasema mengine. Mtoto aliyezaliwa, binti aliyepewa jina la Doyla, alifariki akiwa na umri wa miaka 18 kutokana na maradhi ya moyo. Baba yake aliacha meza kwa muda na kujizamisha katika dini. Waandishi wa michezo hupenda kuuruka ukurasa huo na kukimbilia bangili, lakini Brunson mwenyewe alipouandika hakuuruka.

KWA NINI KUNA MTAALAMU WA POKA

Hapa inafaa tueleze mchezo wenyewe, maana bila hivyo neno mtaalamu litaonekana kama utani.

Poka hutumia karata 52 za kawaida: shupaza, kopa, uru na pau. Katika mtindo uitwao Texas Hold'em, ambao Brunson na wenzake ndio walioupeleka Las Vegas, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Karata nyingine tano hufunuliwa katikati ya meza kwa matumizi ya wote: tatu kwa pamoja, kisha ya nne, kisha ya tano. Kati ya hatua hizo kuna awamu nne za kuweka dau. Mwishoni mchezaji huunda seti bora ya karata tano kutokana na zile saba. Katika mchezo usio na kikomo, mtu anaweza kusukuma kila alichonacho mezani wakati wowote.

Ushindi huja kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuwa na karata bora. Ya pili ni kuwafanya wengine wote watupe zao kabla hazijaonyeshwa. Njia hii ya pili ndiyo inayompa mwerevu nafasi, kwa sababu karata mbaya zinaweza kushinda iwapo aliyezishika ameiweka hadithi yake sawa. Brunson alikuwa maarufu kwa kushambulia. Aliongeza dau mfululizo, akachukua mafungu madogo ambayo hakuna aliyetaka kuyapigania, na alipokamatwa mara moja na hadaa yake, alikuwa amekwisha kukusanya za kutosha kulipia hasara hiyo.

Sasa ipo tofauti ambayo kila anayeweka dau kwa simu katika soko la Moi's Bridge angepaswa kuifahamu. Katika gurudumu la ruleti lenye namba 37, anayepatia namba moja hulipwa mara 35 ya dau lake. Namba ni 37, malipo ni 35. Kwa wastani, kila shilingi 100 zinazowekwa huacha shilingi 2.70 kwa kasino, na hakuna akili wala uzoefu unaobadilisha hesabu hiyo. Kampuni za kubashiri mechi hupanga viwango vyao kwa mantiki hiyohiyo, na mchezo wa kindege kinachopaa kwenye skrini ya simu umejengwa na programu yenye faida ya mwenyewe ndani yake. Kwa hiyo hakuna mtaalamu wa ruleti, kama ambavyo hakuna mtaalamu wa bahati nasibu. Samuel Abisai, aliyeshinda Sh221 milioni za SportPesa Mei 2017, alipata bahati kubwa. Hakuna aliyedai kwamba hiyo ni kazi anayoweza kuirudia mwezi unaofuata.

Katika poka, wachezaji hushindana wao kwa wao. Kasino hutoza ada kwa kila fungu au kwa kila kiingilio na kukaa kando. Mtu akicheza vizuri kuliko wenzake kwa miaka mingi, pesa zitaelekea kwake. Lakini msomaji makini ataona mara moja upande wa pili wa shilingi hiyo. Hakuna mahindi yanayovunwa mezani. Kila dola aliyoshinda Brunson ilitoka mfukoni mwa mtu mwingine, na ukiondoa ada ya kasino, waliokaa mezani kwa jumla hutoka maskini kuliko walivyoingia. Ili mmoja aitwe bingwa sharti wawepo wengi wanaomlipa, na hao hawaandikiwi makala.

BINGWA ALIYEUKIMBIA UBINGWA

Mashindano ya Dunia yalianzishwa mwaka wa 1970 na Benny Binion katika kasino yake ya Horseshoe, katikati ya Las Vegas. Mwaka wa kwanza bingwa, Johnny Moss, alipatikana kwa kura za wachezaji wenzake. Mwaka uliofuata wakaanza kushindana hadi abaki mmoja mwenye chipu zote.

Mwaka wa 1972 kulitokea kisa ambacho kinamweleza Brunson kuliko ushindi wake wowote. Walikuwa wamebaki watatu: yeye, Puggy Pearson na rafiki yake Amarillo Slim. Brunson alikuwa na nafasi nzuri, lakini ghafla akasema anaumwa, akaruhusiwa kuondoka na thamani ya chipu zake. Slim akawa bingwa, akazungushwa kwenye vipindi vya televisheni na kuwa mtu maarufu. Ukweli uliojulikana baadaye ni kwamba Brunson hakuwa mgonjwa. Hakutaka jina lake litangazwe. Kwao Texas, miongoni mwa Wabaptisti waliomlea na kumsomesha, mcheza kamari alihesabiwa pamoja na wezi, na ndugu zake wangesoma magazetini.

Aibu hiyo ilipungua taratibu. Slim alirudi kutoka kwenye televisheni akiwa anapendwa na watu, na pengine hilo lilimfunza Brunson kwamba dunia imeanza kulegea. Mwaka wa 1976 hakukimbia tena. Walioingia walikuwa 22, kila mmoja akilipa dola 10,000, na mshindi alichukua zote: dola 220,000. Katika mchezo wa mwisho dhidi ya Jesse Alto, Brunson alishika kumi na mbili za shupaza, karata hafifu ambazo mwanafunzi wa poka huambiwa azitupe. Alto alikuwa na ree na ghulamu. Karata ya mwisho iliyofunuliwa mezani ilikuwa kumi, na Brunson akawa na makumi matatu na mbili mbili.

Mwaka uliofuata waliingia 34, kitita kikawa dola 340,000, na Brunson akabaki na Gary Berland. Alishika kumi na mbili tena. Karata ya mwisho ilikuwa kumi tena, na seti ilikuwa ileile ya makumi matatu na mbili mbili. Tangu hapo, wachezaji wa poka kote duniani huziita karata hizo mbili Doyle Brunson. Ajabu ni kwamba mwenyewe aliandika kuhusu ree na malkia, karata ambazo wengi huzipenda, akisema yeye huzikwepa kwa kuwa humwingiza mtu kwenye hasara kubwa.

Lakabu yake ya Texas Dolly nayo ilizaliwa kwa kosa. Mtangazaji mmoja maarufu wa michezo, Jimmy Snyder, alikusudia kumtaja kama Texas Doyle, lakini waandishi wakasikia Dolly na kuandika walivyosikia. Sisi tunaoketi kwenye meza ya kuhariri tunaijua aina hiyo ya kosa: likichapishwa mara moja na kurudiwa mara tatu, linakuwa jina la mtu.

KITABU CHA DOLA 100

Mwaka wa 1978 Brunson alichapisha kitabu ambacho kichwa chake kilieleza jinsi alivyopata zaidi ya dola milioni moja kwa kucheza poka. Baadaye kilipewa jina la Super/System. Kiliuzwa kwa dola 100, bei ya kushangaza kwa kitabu chochote wakati huo. Hakukiandika peke yake. Aliwaalika mabingwa wengine, miongoni mwao Chip Reese, Bobby Baldwin, David Sklansky na Mike Caro, kila mmoja akafundisha mtindo alioumudu.

Wataalamu wenzake hawakufurahi. Elimu ya poka hadi wakati huo ilikuwa kama dawa ya mganga, ikipitishwa kwa mdomo kutoka kwa mzee hadi kwa kijana aliyeaminiwa. Brunson aliianika sokoni. Alikiri baadaye kwamba kitabu kilimgharimu pesa nyingi, kwani watu aliokuwa akiwashinda walikuja mezani wakiwa wamekisoma na kujua anapofanya hadaa. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo shahada yake ya ualimu ilipofanya kazi. Maelezo yake yana mpangilio wa mtu aliyefundishwa kufundisha: kwanza kanuni, kisha mfano, kisha sababu ya kanuni kuvunjwa.

Bangili ziliendelea kuja, ingawa kwa vipindi. Alishinda mbili mwaka wa 1976, mbili 1977, moja 1978 na moja 1979, hii ya mwisho katika shindano la wawili wawili akiwa na Starla Brodie. Mwaka wa 1980 alifika fainali ya shindano kuu na kushindwa na kijana kutoka New York, Stu Ungar. Halafu kukawa kimya hadi 1991. Nyingine zilikuja 1998, 2003 na 2005. Aliingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa Poka mwaka wa 1988. Rekodi ya bangili leo iko kwa Phil Hellmuth mwenye 17, na Phil Ivey alifikisha 11 mwaka wa 2024.

Takwimu hizo, hata hivyo, zinapotosha. Zawadi zote za mashindano alizopata Brunson hadharani zilizidi kidogo dola milioni sita, na kwa mtu wa miaka hamsini mezani hizo si nyingi. Riziki yake ilitoka kwenye michezo ya pesa taslimu, isiyo na televisheni wala bangili, ambako fungu moja lingeweza kuzidi zawadi ya ubingwa. Alikuwa mmoja wa kundi la wataalamu waliochanga mtaji kumkabili Andy Beal, mwenye benki kutoka Dallas, katika mfululizo wa michezo ulioanza mwaka wa 2001 na kumalizika Februari 2006, Phil Ivey alipomshinda Beal zaidi ya dola milioni 16 kwa siku tatu. Wataalamu hao walichanga kwa sababu hakuna aliyetaka kuhatarisha kila alichonacho peke yake. Mkulima anayeweka kando mbegu za msimu ujao hata njaa inapobisha hodi anaielewa kanuni hiyo bila kufundishwa.

Na hapa kuna doa ambalo wanaomsifu hulifunika. Nidhamu ya Brunson iliishia kwenye kingo za meza ya poka. Aliweka dau kubwa kwenye gofu, alibashiri michezo na kupoteza, na alizamisha mamilioni katika biashara zisizoeleweka. Alisimulia mwenyewe kwamba aliwahi kuchangia safari za kutafuta safina ya Nuhu na mabaki ya meli ya Titanic. Bingwa wa kusoma nyuso za wapinzani mezani hakuweza kuzisoma nyuso za waliomletea miradi.

MIAKA YA INTANETI

Mwaka wa 2003 mhasibu kutoka Tennessee, Chris Moneymaker, alilipa dola zisizofika 100 katika shindano dogo la mtandaoni, akapata nafasi ya shindano kuu na kulishinda lote pamoja na dola milioni 2.5. Walioingia mwaka huo walikuwa 839. Mwaka wa 2006 walikuwa 8,773, na 2023 walipindukia 10,000 kwa mara ya kwanza.

Wazee wengi wa poka walizamishwa na wimbi hilo. Vijana walikuja wakiwa wamecheza kwa mwaka mmoja kwenye kompyuta michezo mingi kuliko Johnny Moss alivyocheza maisha yake yote. Brunson alisimama. Agosti 2004, akiwa na umri wa miaka 71, alishinda shindano la Legends of Poker na dola 1,198,260. Mwaka uliofuata alitwaa bangili ya 10, na mwaka huohuo mwanawe Todd akapata yake ya kwanza. Walikuwa baba na mwana wa kwanza kushinda bangili za mashindano hayo.

Vijana wa Kenya walikutana na wimbi hilo kwa umbo tofauti. Poka iliyochezwa kwa ustadi ilibaki kwenye kasino chache za Nairobi na Mombasa. Kilichofika mashambani ni kamari ya simu, na kabla yake mashine za sarafu zilizowekwa hata kwenye vibanda karibu na shule, ambazo serikali ilizitwaa na kuziteketeza katika msako wa mwaka wa 2018. Sheria iliyosimamia mambo haya ilikuwa ya mwaka wa 1966, iliyotungwa wakati simu yenyewe ilikuwa anasa. Julai 2019 serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27 za kubashiri. Agosti 2025 Rais William Ruto alitia saini Sheria ya Udhibiti wa Kamari, iliyochukua nafasi ya ile ya 1966 na kuunda mamlaka mpya ya kusimamia sekta hiyo. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza.

Mzazi anayemsikia kijana wake akisema atakuwa mtaalamu wa kamari amuulize swali moja tu: unacheza dhidi ya nani? Iwapo jibu ni kampuni, basi mfano wa Brunson haumhusu hata kidogo. Iwapo jibu ni watu wengine, mzazi na akumbuke kundi la vijana watatu wenye vipaji lililofika Las Vegas likiwa na akiba ya miaka sita na kurudi mikono mitupu, na kwamba hao walikuwa miongoni mwa wachezaji bora kabisa wa nchi yao.

Mwezi Juni 2018 Brunson alitangaza kwamba anaacha mashindano kwa kuwa Louise alikuwa dhaifu na alitaka kuwa karibu naye. Aliingia katika shindano moja la kuaga, lenye kiingilio cha dola 10,000, la mtindo ambao mwenye karata ndogo kabisa ndiye mshindi. Bangili yake ya kwanza, ile ya 1976, aliipata katika mtindo wa jamii hiyohiyo. Alikuwa na miaka 84. Alifika meza ya mwisho na kumaliza wa sita, akainuka, akawapungia mkono watazamaji waliosimama kumpigia makofi. Miaka iliyofuata alionekana tena mezani mara kadhaa.